Ukuta wa Nyuma wa Ghala la Pamba

Nyangeta mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Nyakato kuchukua nguo zako kwa fundi, na kwa jinsi ninavyomfahamu yule fundi, mtakaa huko mpaka jioni. Niko peke yangu hapa nyumbani Makoko. Begi lako liko sebuleni, limefungwa nusu. Kesho basi litakupeleka Dar es Salaam, na kutoka huko utaanza mwaka wako wa kuzunguka miji ya zamani ya pwani, ukichora kuta, milango na madirisha ili uvigeuze kuwa vitambaa. Mambo ya safari mama yako ameshakueleza, na nimemsikia akikueleza tena. Sina la kuongeza hapo.

Nina habari moja. Kazini nilifundishwa kwamba lililo kubwa linakaa juu, msomaji asihangaike kulitafuta. Kwa hiyo naliweka hapa juu.

Nilijua kwamba ghala la Bunda litabomolewa. Nilijua karibu wiki nzima kabla. Nilijua siku ile nilipokupeleka Kisorya kupanda kivuko cha kwenda Ukerewe. Uliporudi nikakuambia kwamba nilipigiwa simu asubuhi ile ile ya kubomolewa. Nilikudanganya.

Yanayofuata ni maelezo. Usiyachukue kuwa utetezi, ingawa mtu akijieleza ni vigumu kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Ulianza kuzitazama kuta kwa sababu yangu, na sikukusudia. Mama yako alikuwa na zamu za hospitali, mimi sikuwa na mtu wa kukuachia, basi ukawa unapanda nyuma ya pikipiki yangu tunakwenda kazini. Nikiwahoji watu, wewe unakaa pembeni na penseli. Nilitegemea utachora magari ya wakubwa kama watoto wengine. Ulichora nondo za madirisha, ngazi, vigae vya kanisa, mabati yaliyopigiliwa juu ya mabati. Pale mjini Musoma, kwenye yale maduka ya zamani yenye vibaraza, ulichora mapambo ya saruji juu ya mlango wakati mimi nasubiri mtu atoke kwenye kikao. Mwenye duka akakupa pipi akidhani umetumwa na manispaa.

Kuna siku ya Butiama ambayo sijui kama unaikumbuka. Nilikwenda kuandika habari ya kisima kwenye mji wa bwana mmoja aitwaye Wambura. Zizi lake lilikuwa la mawe, mawe matupu yaliyopangwa bila udongo, kama wazee wa kule walivyokuwa wakizungushia miji yao. Ulikuwa darasa la tano. Ulilichora zizi lile kwa mstari mmoja usiokatika, mawe yote yameungana kama kamba iliyojizungusha, na kila nafasi kati ya jiwe na jiwe ukaitia samaki. Nilipomaliza mahojiano nikaja nikaangalia. Nikakuambia, "Mawe hayako hivi. Samaki wako wapi hapa? Chora kilichopo."

Ukafuta. Ukachora tena, samaki mmoja akarudi. Nikakwambia ufute tena. Karatasi ikatoboka.

Wambura alikuwa anatuletea maziwa ya mgando. Akasimama na kibuyu chake.

"Mwandishi, unamtesea nini mtoto wa watu?"

"Ni mtoto wangu."

"Ndiyo maana unamtesa. Sasa hayo mawe unamlazimisha ayafuate, sisi tunayahamishaga kila ng'ombe wakiongezeka. Mwaka jana ukuta ulikuwa kule kwenye mkonge. Njoo na mwakani umsimamie aufute tena."

Mke wake alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi pia nilicheka. Lakini sikukwambia uchore tena unavyotaka, na wewe hukuwahi tena kutia samaki kwenye ukuta. Miaka yote iliyofuata ulikuwa unaniletea michoro yenye vipimo. Hata ulipoanza kutia batiki, kisha ukaanza kubuni vitenge, hukunionyesha vitambaa. Ulinionyesha vipimo. Nilijivuna. Niliwaambia watu ofisini kwamba binti yangu ana jicho la mwandishi wa habari.

Naliandika hili kwa sababu linaungana na la ghala. Utaona mbele.

Ghala lenyewe huna haja ya kuelezwa, ila nalieleza kwa ajili yangu, kwa kuwa sasa lipo kwenye maneno tu. Lilikuwa la matofali mekundu, la tangu kabla ya uhuru, wakati pamba ya Bunda ilikuwa pamba. Ukutani waliacha matundu ili pamba ipumue. Ukuta wa mbele ulijengwa na fundi wa kulipwa aliyeletwa kutoka Mwanza. Matundu yake yalikuwa ya mraba, safu juu ya safu, yamenyooka kama vifungo vya koti la padri. Ulikaa mbele ya ukuta huo siku nyingi, na wale akina mama wanaouza dagaa na furu kwenye kibaraza cha ghala wakakuzoea. Siku niliyokuja kukuchukua niliwakuta wanakutania.

"Binti, unachora nini kila siku? Humu mna panya tu," alisema Mama Nyamwiza, yule mwenye sinia kubwa.

"Nataka nitoe kanga, mama."

"Kanga ya panya?"

"Ya matundu."

"Haya. Na jina uandike hivi: Mwenye wivu apitie tunduni." Wenzake wakapiga makofi. "Mwandishi, umesikia? Mwanao ataniandikia kanga. Wewe miaka yote unapita hapa hujawahi hata kuandika kwamba dagaa wangu hawana mchanga."

"Wana mchanga," nikasema.

"Ndo ungeandika basi!"

Ni yeye aliyekwambia habari za ukuta wa nyuma. Kwamba ule haukujengwa na fundi wa kulipwa; ulijengwa na wakulima wenyewe, baba mkwe wake akiwemo. Matofali yalikuwa yanawaishia, wakawa wanayalaza kiubavu, moja hivi, lingine hivi, na kuacha nafasi za mshazari, kama watu wanaosuka mkeka. "Asubuhi jua likipita mule," alisema, "hata rundo la pamba lilikuwaga kama limevaa nguo." Ukazunguka kwenda kutazama. Nyuma kulikuwa na nyasi zimekupita kimo na miiba iliyorundikwa kuzuia mbuzi. Ukaona kipande tu, upana wa mlango. Njiani kurudi Musoma ulizungumza kuhusu kipande hicho mpaka Bweri. Ukanieleza kanga yako yote: ukuta wa mbele, wa fundi, ndio utakuwa pindo, ukuta wa nyuma, wa wakulima, ndio utakuwa mji, katikati, mahali ambapo macho yanatua. Ukasema hakuna kitu kingine Mara nzima ambacho ni nyumba ya pamba na pia ni mchoro wa kitambaa, na kwamba itakuwa ajabu uende kuchora majumba ya watu wa pwani kabla hujachora hilo.

Nilikusikia. Nataka ujue kwamba nilikusikia vizuri.

Siku chache baadaye Mafuru, msimamizi wa kile kiwanja cha ghala, aliniita Bunda tunywe chai. Tunafahamiana muda mrefu. Amenipa habari nyingi nzuri na sijawahi kumtaja.

"Mwandishi, nikupe kitu, lakini hakitoki hapa mezani."

"Nipe."

"Jumatatu ya wiki ijayo tunaliangusha ghala. Katapila limeshalipiwa. Watu wakijua watakuja na matoroli usiku, wabebe matofali na mabati, sisi tuje tukute msingi."

"Sasa mimi unaniambia ya nini?"

"Nataka siku hiyo uwepo. Uone kwa macho yako kwamba tuna vibali, tusije tukaandikwa kama wavamizi."

"Nitaandika nitakachokiona."

"Najua. Ndo ulivyo. Ila mdomo."

Nikamwambia mdomo wangu anaujua.

Unajua msimamo wangu kuhusu vitu vya namna hiyo. Habari niliyopewa kwa siri haiingii nyumbani. Ratiba ya mgao wa maji nilikuwa nayo mfukoni kabla haijatangazwa, na sisi tulikatiwa maji kama wengine, ndoo tupu kama wengine. Mama yako aliwahi kuniambia, "Uadilifu wako, baba Nyangeta, nabebaga mimi kichwani." Nililichukulia kuwa utani mzuri. Niliusimulia hata kazini.

Jioni ile wakati wa kula ukaniuliza, "Baba, nianze na Ukerewe kisha nije Bunda, au nigeuze?" Ulitaka kuiona ile nyumba ya zamani ya mapadre kule kisiwani, ya mawe.

Nikasema, "Anza popote."

Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo ninaporudi kila siku. Sikuhitaji kuvunja ahadi yangu kwa Mafuru. Ningeweza kusema "Anza na Bunda" nikaendelea kula ugali wangu. Usingeuliza kwa nini. Na kama ungeuliza, ningesema Bunda ni karibu. Hakuna ambaye angeumia. Mafuru asingejua. Ni neno moja tu la baba kwa mwanawe kuhusu ratiba yake, na baba wengine wanayatoa maneno kama hayo siku nzima bila kuombwa.

Tukaondoka na gari siku iliyofuata. Tulipofika Bunda ukaomba tusimame kidogo kwenye ghala. Kulikuwa na vijana wanafyeka. Uliruka kabla sijazima gari.

"Hamjambo jamani? Mnafyeka mpaka nyuma?"

"Mpaka nyuma, dada. Kesho kutwa hapa patakuwa peupe, hata mpira utacheza."

"Na miiba?"

"Miiba tunachoma."

"Mungu awabariki! Nikirudi wiki ijayo nitawaletea soda."

"Ya baridi lakini! Usituletee ya moto kama bosi."

Ukarudi garini unacheka. "Umeona, baba? Mambo yananyooka yenyewe. Nikirudi nakuta ukuta wote uko wazi."

Walikuwa wanafyeka njia ya katapila. Nilijua. Nikawasha gari.

Kisorya kivuko kilikuwa upande wa pili, kwa hiyo tulikaa. Ulinunua mahindi ya kuchemsha, ukanipa moja. Ukakunjua ile karatasi yako kubwa juu ya bonet ya gari. Pindo lilikuwa limekamilika pande zote nne, matundu ya fundi wa Mwanza, mekundu na meusi. Katikati palikuwa peupe. Ukapapiga kwa kiganja, ukasema, "Hapa ndipo utakapokaa ukuta wa nyuma."

Nikasema, "Vizuri."

Kivuko kikaja. Ukapanda na watu na baiskeli na magunia, ukanipungia mkono. Nilisimama mpaka kikaondoka, kwa kuwa nilikuwa bado najiambia kwamba nina muda wa kukuita. Kikaondoka.

Jumatatu nilifika kiwanjani mapema. Mafuru alikuwa na chupa ya chai, akanimiminia. Katapila lilikuwa limeegeshwa barabarani, dereva wake anakula chapati. Nyasi zilikuwa zimefyekwa kama walivyoahidi, na jua lilikuwa linatoka upande ule wa nyuma. Kamera ilikuwa shingoni mwangu. Nilichotakiwa kufanya ni kuzunguka kona ya jengo na kupiga picha, mbili, tatu, kumi. Chai yenyewe isingepoa.

Sikuzunguka.

Sikiliza kwa nini, maana hili sijamwambia mtu, na ni baya kuliko la kwanza. Picha ina saa yake ndani. Ningekuletea picha za ukuta wa nyuma ukiwa umesimama na jua la asubuhi limeupitia, ungefurahi, kisha ungeuliza nilifikaje pale kabla ya mashine. Nilikuwa nimeshakufikiria utakavyorudi, nimeshafikiria utakavyoniuliza na nitakavyokujibu, na picha zile zingeniumbua. Kwa hiyo niliacha ukuta uende ili jibu langu lisimame. Nilifanya hesabu hiyo nikiwa na kikombe mkononi, kwa utulivu, kama ninavyopanga aya.

Dereva akamaliza chapati. Aliingilia kule kulikofyekwa, kwa hiyo ukuta wa nyuma ndio ulioanguka kwanza. Mimi nilikuwa mbele nikipiga picha za wakubwa waliovaa kofia ngumu. Nilisikia kishindo na nikaona vumbi jekundu likija juu ya paa. Kwa hiyo sikuuona hata mimi. Ukuta ule nausimulia kwa maneno ya Mama Nyamwiza, sina ya kwangu. Yeye alikuwa amehamisha sinia lake ng'ambo ya barabara, akanipigia kelele, "Mwandishi, andika basi, hata panya wamehama!"

Nikaandika. Habari fupi, safi, haikuwa na kosa.

Uliporudi kutoka Ukerewe ulikuwa umeshaisoma kwenye simu. Uliingia, ukaweka mfuko chini, ukakaa kwenye kile kiti cha jikoni.

"Baba, ulikuwepo?"

"Nilipigiwa simu asubuhi ile ile."

"Ulipata picha ya nyuma?"

"Nilikuta umeshaanguka."

Ukasema, "Si kitu. Ungejua ungeniambia."

Nikasema, "Eeh."

Nimewahoji watu walioiba, walioua kwa gari na kukimbia, waliokula fedha za misiba. Wengi walikuwa na maelezo marefu. Mimi nilikuwa na "eeh."

Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu la kwanza, kwamba nilikuwa nalinda siri ya kazi, sasa silitaki tena. Siri ningeilinda na wewe ungechora. Ukweli ni kwamba sikuamini kwamba kazi yako ni kazi. Ingekuwa umeniambia kwamba kesho unakwenda kumhoji mtu muhimu ambaye najua ataondoka leo, ningekuamsha usiku. Lakini ulikuwa unakwenda kuchora matundu ya ukuta. Moyoni nikaona, mtoto atapata ukuta mwingine, kuta ziko nyingi, kanga nazo ziko nyingi. Sikuwahi kulisema hivyo hata kwangu mwenyewe. Nilisema tu "Anza popote", kwa sababu kwangu ilikuwa ni popote.

Na sasa kanga imekaa, pindo bila mji. Mwezi uliopita mama yako alikushauri ujaze katikati kwa unavyokumbuka. Ukamjibu, "Niliona kipande tu, mama. Siwezi kubuni nisichokiona." Nilikuwa nanyoa ndevu, nikaacha wembe. Maneno hayo ni yangu, nilikutia kichwani kule Butiama kwa kifutio. Nimekunyima ukuta, na kabla ya hapo nilikuwa nimekunyima namna ya kufanya kazi bila ukuta.

Wiki iliyopita nilikuambia nina shughuli Bunda. Nilikwenda kutafuta picha. Nilidhani mtu lazima atakuwa na picha ya harusi, ya mkutano, ya mbuzi, yoyote yenye ukuta ule nyuma yake. Nilizunguka siku nzima. Watu walipiga picha mbele, kwenye kibaraza, ambako wewe unako tayari. Matofali yaliuzwa, niliyaona kwenye jiko la mtu mmoja na kwenye choo cha mwingine, yamepangwa kawaida, yamelala sawasawa, hayasemi lolote. Nikamwendea Mama Nyamwiza, naye akanitazama.

"Binti hajambo?"

"Hajambo. Anasafiri."

"Na wewe unatafuta picha leo?" Akapepea nzi. "Siku ile nilikuona unakunywa chai, mwandishi. Ulikuwa wa kwanza kufika. Nikasema moyoni, huyu baba anampigia mwanae picha. Kumbe ulikuwa unakunywa chai tu."

Akanifungia furu wa kukaanga kwenye gazeti, akakataa malipo, akasema ni wa kwako. Ndio wale uliowala Ijumaa.

Kwa hiyo, ukimwacha Mafuru, yupo mtu mmoja Bunda anayejua. Ukipita huko siku moja angekuambia bila kukusudia, na ingekuwa haki yake. Nimeandika kabla ya hapo, lakini siwezi kuapa kwamba ningeandika kama asingeniona.

Huko unakokwenda kuta ni za zamani kuliko zetu, na wengi watakueleza umri wake. Sijui lolote kuhusu matumbawe wala chokaa, na sitajifanya. Najua tu mambo ya watu wanaobomoa. Ukifika kwenye jengo, kabla hujashangaa, uliza mwenyewe ni nani na ana mpango gani nalo mwaka huu. Ukiona wanasafisha mahali ambapo hapakuwahi kusafishwa, chora siku hiyo hiyo, mengine yatasubiri. Zunguka nyuma, ambako hakuna anayepiga picha. Na mtu akikuambia "anza popote", muulize tena.

Kuhusu ule mji wa kanga, sina haki ya kukwambia ujaze au uache. Nitakwambia tu kwamba Wambura alikuwa sahihi na mimi nilikuwa sina haraka ya kukubali. Zizi lile limeshahama. Mchoro wako wenye samaki, kama nisingekufutisha, ndio ungekuwa kitu pekee kilichobaki cha zizi la mwaka ule, na mtu wa Butiama angeutazama akalitambua zizi lake, samaki wakiwemo.

Mama yako nilimwambia jana, yote isipokuwa lile la picha. Alikuwa anapara sato na hakuacha kupara. Akasema, "Unataka nikusaidie nini? Mwambie mwenyewe. Mimi situmwi." Kisha kwa muda mrefu hakuniita kwa jina lolote.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshapanga barua hii itakwenda wapi. Ningeitia kwenye begi lako, chini ya nguo, uikute Dodoma au baada ya hapo. Ungeisoma ukiwa mbali, ungekasirika ukiwa mbali, na mimi ningekuwa hapa nasubiri simu, ambayo ningeweza kuipokea au kutoipokea. Nimefika hapa kwenye maandishi ndipo nikaona ninachofanya. Ningekuwa nimekuchagulia tena wakati wa kujua jambo linalokuhusu, na tena kwa wakati unaonifaa mimi.

Begi lako sitaligusa. Mtakapoingia nitakupa hii mkononi, kabla ya chakula. Isome hapa hapa nyumbani, ukiwa bado unaweza kuahirisha safari, au kuiwahisha, au kunijibu. Nitakuwa kwenye kibaraza. Ukitaka kufoka, foka; majirani wameshatusikia kwa mambo madogo kuliko hili. Ukitaka kesho mama yako ndiye akupeleke stendi, nitawabebea begi mpaka garini, nitabaki. Ukitaka kunyamaza, hilo nalo ni jibu.

Soma taratibu. Sitakuja kukuuliza umefika wapi.

Baba yako